Acheni Kumlilia Di Stefano

Kuna sentensi moja ambayo wapenzi wa opera huitamka kama watu wanaosoma dua: Giuseppe Di Stefano alijaliwa sauti tamu kuliko tenori yeyote wa kizazi chake, akaichezea. Wakishasema hivyo hutikisa kichwa. Huyu ataongeza sigara, yule kamari, mwingine usiku wa kukesha na mazoezi ya kukosa. Mwishowe msimulizi anabaki kama mzazi anayemwonyesha mtoto nyumba iliyoungua: umeona? Hayo ndiyo ya asiyesikia la mkuu.

Sentensi hiyo nimeisoma migongoni mwa santuri, nimeisikia kwa walimu wa sauti, nimeisikia hata kwa watu ambao hawajawahi kumsikiliza Di Stefano kwa dakika tano mfululizo. Sasa imetosha. Sikatai kwamba sauti yake ilichakaa mapema. Ilichakaa, na mwenye masikio hawezi kubisha. Ninachokataa ni kile kinachofuata kimyakimya nyuma ya ukweli huo, yaani kwamba kwa kuwa haikudumu, basi aliimba vibaya, na kwamba msanii mwema ni yule anayejipima kwa kijiko ili abakishe ya kesho.

Kwanza mtu mwenyewe. Alizaliwa tarehe 24 Julai 1921 huko Motta Sant'Anastasia, karibu na Catania katika kisiwa cha Sicily, akakulia Milan katika familia isiyokuwa na kitu. Alisoma kwa mapadri Wajesuiti na kwa muda mfupi akafikiria kuwa padri. Vita vya pili vya dunia vikamkuta kijana. Akavaa magwanda, kisha mwaka 1943 akavuka mpaka hadi Uswisi, akawekwa kambini pamoja na wakimbizi wengine. Huko alisikika redioni, tena si kwa opera pekee. Aliimba nyimbo nyepesi za mapenzi kwa jina la kubandika, Nino Florio. Shikilia jambo hilo, tutalirudia: kabla hajaitwa tenori wa opera, huyu alikuwa mwimbaji wa nyimbo za watu, zile ambazo msikilizaji asiposhika neno, hana alichobaki nacho.

Aprili 1946 alipanda jukwaani Reggio Emilia akiwa Des Grieux katika Manon ya Massenet. Mwaka uliofuata yuko La Scala. Februari 1948 yuko Metropolitan, New York, akiwa Duke katika Rigoletto, umri miaka ishirini na sita. Mwishoni mwa 1949, katika matangazo ya redio ya Faust kutoka jumba hilohilo, alifanya jambo ambalo watu bado wanalizungumza. Alipofika kwenye ile C ya juu, noti ambayo tenori wengi huishika kwa nguvu zote wakishukuru Mungu kwamba imetoka, yeye aliitoa kwa sauti kamili, kisha akaanza kuipunguza, pole pole, bila kuikata, hadi ikabaki kama uzi wa moshi. Rudolf Bing, aliyekuja kuwa mkuu wa jumba hilo na ambaye baadaye aligombana na Di Stefano kwa sababu ya utovu wake wa mazoezi, aliandika katika kumbukumbu zake kwamba noti hiyo hataisahau. Ukisifiwa na aliyekukasirikia, ujue umesifiwa.

Nimeanza na noti hiyo makusudi. Wanaosema Di Stefano alikuwa na zawadi ya asili bila ufundi watueleze: kupunguza C ya juu hivyo, bila kuhama kwenye sauti ya uongo ya puani, ni asili gani hiyo? Kitu hicho hakitoki kwa bahati. Kinataka pumzi iliyosimama na nyuzi za sauti zinazotii. Mtu aliyeweza kufanya hivyo alijua anachofanya, hata pale alipochagua kutofanya kama wenzake.

Na chaguo lenyewe ndilo hili. Tenori anapopanda kuelekea noti za juu, kuna mahali, karibu na F na G, ambapo sauti hubadilisha gia, kama lori linapoanza kuukabili mlima wa Mazeras. Waitaliano wanapaita passaggio, yaani pa kupitia, kivuko. Fundisho la kawaida ni kwamba ukifika kivukoni, funika. Irabu a ielekee o. Irabu e ijikunje kidogo. Zoloto libaki chini, sauti iwe nyeusi na ya duara. Ukifanya hivyo unavuka salama, na kesho unavuka tena, na baada ya miaka thelathini bado unavuka.

Di Stefano mara nyingi hakufunika, au alifunika kidogo kuliko alivyoagizwa. A yake ilibaki a. Alivuka mdomo ukiwa wazi, kama mtu anayezungumza na jirani yake juu ya ua. Gharama yake inajulikana: koo linabeba mzigo ambao ungebebwa na mwangwi wa kichwa, noti za juu zinaanza kuwa ngumu, kisha zinaanza kuchanika. Hilo walimu wanalisema na wako sahihi. Wasichosema ni alichonunua kwa gharama hiyo.

Alinunua maneno.

Jaribu mwenyewe kwa Kiswahili, maana lugha yetu na Kiitaliano zinafanana katika hili moja, irabu ndizo uti wa mgongo na karibu kila neno linaishia kwa irabu. Imba "kaa" ukifunika vizuri kama ulivyofundishwa. Umeimba "koo". Imba "baba" kwenye noti ya juu, sauti ya duara, zoloto chini. Utasikika unamwita mtu aitwaye Bobo. Kwa Mwingereza, ambaye irabu zake zenyewe zinateleza, hasara hiyo ni ndogo. Kwetu neno limekufa. Sasa sikiliza Di Stefano katika Tosca iliyorekodiwa La Scala mwaka 1953, akiwa na Maria Callas na Tito Gobbi, okestra ikiongozwa na Victor de Sabata. Nenda kwenye sehemu ya tatu, yule mchoraji anaposubiri kupigwa risasi alfajiri na kukumbuka usiku aliokuwa na mpenzi wake. Huhitaji kujua Kiitaliano ili utambue kwamba huyu mtu anasema kitu. Kila silabi inafika. Hata kilio chake kina tahajia.

Ndiyo maana nilikwambia ushikilie habari za Nino Florio. Di Stefano hakuacha kuimba nyimbo za Napoli na za kwao Sicily, na aliziimba kwa uzito uleule aliompa Verdi. Wengi husikia hilo kama udhaifu, eti alileta mtaa ndani ya opera. Mimi nasikia kinyume. Alijua kwamba mtu wa kiti cha juu kabisa, aliyelipa kidogo kuliko wote, anataka kujua huyu bwana anamwambia nini yule mwanamke.

Hebu sasa tuyachukue mashtaka moja moja.

Shtaka la kwanza ni la maisha: sigara, meza za kamari, kulala mchana. Sawa, hakuishi kama mtawa, na hakujificha. Lakini kama maisha machafu ndiyo yaliyomla sauti, mbona mshahidi mkuu wa kesi hii hatajwi? Maria Callas alikuwa mkewe wa jukwaani. Waliimba pamoja Mexico mwaka 1952, Milan, Berlin mwaka 1955 chini ya Karajan, na walirekodi opera nzima kumi studioni kati ya 1953 na 1957. Callas alikuwa kinyume chake katika kila kitu. Alifika mazoezini kabla ya wote na kuondoka baada ya wote. Alijua sehemu yake na za wenzake. Mwaka 1955 Luchino Visconti alipowasukuma siku baada ya siku kwa ajili ya La traviata pale La Scala, Callas alikunywa kila neno la mwelekezaji. Di Stefano alichoka, akakasirika, na baada ya onyesho la kwanza akafunga virago. Haya, huyu mwenye nidhamu ya askari sauti yake ilidumu mpaka lini? Onyesho lake la mwisho la opera lilikuwa Julai 1965, Tosca, London. Alikuwa na umri wa miaka 41, na matatizo yalikuwa yameanza kusikika miaka mingi kabla ya hapo.

Mmoja mzembe, mmoja mchapakazi, na wote wawili walifika ukingoni karibu wakati mmoja. Kwa hiyo hadithi ya nyumba iliyoungua haisimami. Walichokuwa nacho kwa pamoja si sigara. Ni kwamba wote wawili waliweka neno na tendo mbele ya usalama wa koo. Callas akichakaa tunasema alijitoa mhanga kwa ajili ya sanaa. Di Stefano akichakaa tunasema alikuwa mpumbavu. Kwa nini? Kwa sababu yule aliteseka tukimwona, na huyu alikuwa anacheka. Tunawasamehe wasanii wanaoumia. Anayefurahia kazi yake tunamdai.

Na tukiwa bado huku kwenye sigara, tuulize Unguja. Bi Kidude alivuta sigara mbele ya kamera bila kumwomba mtu radhi, akaimba mpaka uzee wa kupindukia, na alipofariki Aprili 2013 hakuna aliyetuletea hotuba ya mapafu. Sauti yake ilikuwa na makovu, nasi tuliyasikiliza makovu hayo kama sehemu ya wimbo. Sisemi sigara ni dawa. Nasema mwili hauna hesabu nyepesi kama za mwalimu wa zamu.

Shtaka la pili lina uzito zaidi: alichukua sehemu zisizo zake. Sauti yake ilikuwa ya wapenzi wepesi, Nemorino, Rodolfo, Des Grieux, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 akajitwika Radamès, Calaf, Alvaro, majitu yanayohitaji koo la chuma. Mwaka 1966 akaimba hata Otello. Hapa sibishi. Sehemu hizo zilimla, na kuziimba kwa koo lililo wazi kulizidisha kasi. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kuimba wazi ilikuwa sanaa yake. Kuimba Radamès ilikuwa biashara, na biashara ina wateja.

Nani alikuwa mteja? Kampuni ya rekodi ilipogundua kwamba majina Callas na Di Stefano kwenye jalada moja yanauza, iliyataka kwenye kila jalada. Mwaka 1956 pekee wakarekodi Il trovatore, La bohème na Un ballo in maschera. Il trovatore si kazi ya Nemorino, jamani, kila mtu studioni alijua. Majumba nayo yalitaka jina kwenye bango, liwe linafaa au halifai. Na sisi wasikilizaji? Tulinunua. Bado tunanunua. Msikilizaji anayemiliki seti nzima ya rekodi hizo, aliyelia nazo, kisha anasimama kulalamika kwamba Di Stefano hakujitunza, ni kama mgeni aliyemaliza mbuzi, akapangusa mikono, halafu anamlaumu mwenyeji kwa kutokuwa na mifugo.

Shtaka la tatu huja kwa majina: mbona Alfredo Kraus alidumu? Mbona Carlo Bergonzi? Kraus wa Uhispania alijua mipaka yake, akakataa kila sehemu nzito aliyopewa, na akiwa na miaka sabini bado noti zake za juu zilikuwa zimesimama wima. Bergonzi aliimba Verdi kwa akili na adabu ambayo sijui kama imewahi kuzidiwa. Nawavulia kofia wote wawili. Lakini angalieni: hata Bergonzi, mfano wa busara, akiwa amepita miaka sabini na mitano alijaribu Otello huko Carnegie Hall mwaka 2000 na ikabidi aondoke jukwaani katikati. Njaa ya kitu kikubwa kuliko wewe si ugonjwa wa wazembe peke yao. Isitoshe, hakuna aliyesema dunia inahitaji aina moja tu ya tenori. Kuna anayekupa kikombe kila jioni kwa miaka arobaini. Kuna anayekupa mtungi wote kwa miaka kumi na tano. Ukishakunywa huo mtungi, huna haki ya kudai kwamba ulitaka vikombe.

Na ziara ya 1973 na 1974? Hapa ndipo wenye huruma ya uongo hufunika macho. Callas na Di Stefano, wote sauti zimekwisha, wakazunguka na mpiga piano kuanzia Hamburg mpaka Sapporo, wahakiki wakiandika kama watu wanaotoka mazishini. Rekodi zipo, na hazipendezi. Lakini kumbi zilijaa, na waliozijaza hawakudanganywa na mtu. Walijua wanakwenda kuwaona nani na katika hali gani. Tena katika miezi hiyo binti wa Di Stefano alikuwa anaugua saratani. Mtu aitwe mchoyo wa sifa kwa kupanda jukwaani wakati kama huo? Anayeona aibu kutazama asitazame. Aliyepanda hakuwa na deni naye.

Halafu kuna hili neno "kupoteza". Sauti ilipotea wapi? Septemba 1963 Di Stefano aliugua na kushindwa kuendelea na La bohème pale Covent Garden, London. Kijana mmoja kutoka Modena, mtoto wa mwoka mikate, akaitwa kushika nafasi yake. Jina lake Luciano Pavarotti. Huyo kijana alisema tena na tena katika maisha yake kwamba Di Stefano ndiye aliyekuwa kipenzi chake. Msikilize: ufundi wa kivukoni amejifunza kwa wengine, anafunika kama ilivyoandikwa, lakini ule uwazi wa neno, ile hali ya kukusemesha wewe hapo ulipo, ameuchukua kwa yule aliyemrithi usiku ule. Mamilioni ya watu ambao hawajui jina la Di Stefano wamemsikia ndani ya Pavarotti. Kama huko ni kupoteza, basi na mkulima hupoteza mbegu.

Kwa nini niliandike hili hapa, kwetu? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya madarasani. Nimekaa katika kumbi za matamasha ya shule nikasikiliza wanafunzi wa pwani, watoto waliozaliwa ndani ya Kiswahili, wakiimba Kiswahili kisichoeleweka. Irabu zimefunikwa zote. Mwalimu amewaambia hiyo ndiyo sauti iliyofunzwa, na mwamuzi ametoa alama. Hiyo si Italia. Hiyo ni kanisa kubwa la Kiingereza, lenye mwangwi wake wa mawe na kwaya yake ya wavulana, lililoletwa huku na kubandikwa jina la ufundi. Tungemsikiliza Di Stefano badala ya kumlilia, tungegundua kwamba mmoja wa tenori wakubwa wa karne iliyopita alikataa kuuza neno ili anunue duara. Waimbaji wa taarab wangemwelewa bila mkalimani. Katika taarab, ukimeza neno, umeimba nini? Mtu aliyeinuka na noti yake mkononi kuja kukutunza alikuwa anajibu neno.

Ya pili ni ya Diani. Uzeeni Di Stefano alikuwa na nyumba huko, pwani ya kusini. Mwishoni mwa mwaka 2004 wezi walimvamia nyumbani mwake, wakampiga kichwani akaumia vibaya. Alitibiwa Mombasa, kisha akasafirishwa hadi Milan akiwa amepoteza fahamu. Alizinduka lakini hakupona kamwe. Alifariki tarehe 3 Machi 2008, karibu na Milan, akiwa na miaka 86. Kwa hiyo kila kitabu kitakachoandikwa juu yake, katika lugha yoyote, kitafika ukurasa wake wa mwisho na kutaja Kenya, na kitataja jambo hilo moja tu. Sisi tumeingia katika historia ya opera kwa mlango huo.

Hatuwezi kuufuta ukurasa huo. Lakini tunaweza kuamua kama tutabaki kuwa watu wanaojua tu jinsi mzee mmoja wa Kiitaliano alivyoumizwa Diani, au watu wanaojua alikuwa nani. Na kumjua si kurudia sentensi ya wakufunzi, eti sauti nzuri akaichezea. Hiyo nayo ni namna ya kumpiga.

Tena inatupiga na sisi. Maana kila mwandishi, kila mwimbaji wa hapa ameshapewa ushauri huo na mtu anayemtakia mema: usijimalize, tunza jina, bakisha, usiseme yote kwenye kitabu cha kwanza. Ni ushauri mzuri kwa mwenye duka. Lakini kuna kazi ambazo ukibakisha hazitoki kabisa. Ile C ya Faust isingetolewa na mtu anayepiga hesabu za miaka thelathini. Angeishika salama, angeshangiliwa, na leo usingekuwa na sababu ya kuitafuta.

Itafute. Kisha chukua ile Tosca ya 1953. Usisome tafsiri, usisome wasifu wake, usimsubirie achanike. Sikiliza tu uhesabu ni maneno mangapi yanakufikia mzima. Halafu ndipo uniambie kilichopotea.